Mashine Imesoma Kamba

Alhamisi, saa tisa alasiri. Joto limeketi juu ya Kisumu kama mgeni wa matanga aliyekataa kurudi kwao. Upande wa milima ya Nandi kumekuwa kweusi tangu saa sita lakini mvua haiteremki. Nimekaa, nimesimama, nimeenda mpaka langoni, nimerudi. Chai nimeipasha mara mbili na bado sijainywa.

Leo siwezi kutulia.

Kwa yule aliyefika hapa mara ya kwanza: mimi ni mzee wa omena, dagaa wa ziwa letu. Si yule wa kupimia kwa mkebe kando ya barabara. Nilianza hivyo, kwa baiskeli na karai, lakini leo nina stoo kubwa Nyamasaria, vituo vinne vya kununulia kando ya ziwa, na malori yanayofika mpaka Nairobi. Shule niliachia darasa la nne. Mwalimu aliniambia sitafika mbali. Alipostaafu, mwanawe alikuja kuomba kazi kwangu nikampa, na ni mfanyakazi mzuri, sina kinyongo. Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu. Naandika kwa kidole kimoja, na kwa hicho kimoja nina wasomaji ambao maprofesa wengine hawana.

Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu akiwa anaijua kazi kama mimi?

Sasa sikiliza. Omena ikiletwa stoo, lazima mtu aseme ni namba ngapi. Namba moja ni ya watu: imekauka, inang'aa, haina mchanga, ukiifinya inalia kama majani makavu. Namba mbili ni ya watu pia, lakini watu wenye haraka. Namba tatu ni ya kuku, inaenda kwa wasagaji wa chakula cha mifugo. Mama ameanika siku mbili, amegeuza kwa mikono yake, amefukuza ndege na mbwa, halafu unamwambia namba tatu. Umemwambia kazi yake ni ya kuku.

Huyo mtu wa kusema, miaka yote, ni mimi. Natia mkono kwenye gunia, nainua, nanusa, nasema. Sirudii. Kando ya ziwa wanasema pua ya Mzee haikosei. Mimi ndiye nilianza kusema hivyo, wao wakaendeleza.

Miaka miwili iliyopita nilimwachia binti yangu Akinyi kiti cha ukurugenzi. Mimi nikabaki mwenyekiti, yaani yule ambaye akikohoa mkutanoni wengine wananyamaza. Mwaka jana akanipeleka hoteli moja karibu na maji, ambako wakubwa wa biashara walikusanyika kuambiwa habari za wingu, zile kompyuta za mbali za kuwekea kumbukumbu, na za akili ya mashine. Niliketi kati ya mwenye mabasi na mwenye kiwanda cha unga. Yule wa mabasi akasema amehamishia kila kitu chake kwenye wingu.

Nikamuuliza, "Hilo wingu liko wapi?"

"Nje huko, Mzee. Ulaya. Ama Afrika Kusini."

"Hujui?"

"Meneja wangu anajua."

"Na meneja akiacha kazi?"

Yule wa unga alicheka mpaka akamwaga maji.

Hapo nikaelewa jambo ambalo hawakuliweka kwenye zile picha zao za ukutani. Sisi wakubwa hatununui mashine kwa sababu tumeielewa. Tunanunua kwa sababu jirani amenunua, na tunaogopa kuulizwa mbona sisi bado. Kila mtu mle ndani alikuwa anaogopa, na kila mtu alikuwa amevaa tai.

Wingu lenyewe halikunishinda. Nilimwambia Akinyi babu zetu walikuwa nalo. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwafuga wote boma moja. Aliwagawa kwa marafiki, huyu wa Kano, huyu wa Seme, ili ugonjwa ukiingia kwake asiamke maskini. Tofauti ni kwamba yeye alimjua rafiki, na alienda kuwatembelea ng'ombe wake. Akinyi akasema, "Baba, hiyo ndiyo maana yake kabisa," akaiandika. Nasikia sasa anaisema kwenye mikutano bila kunitaja.

Lakini akili ya mashine niliikataa. Nilisema kitu kisicho na tumbo hakiwezi kujua chakula. Basi Akinyi, ambaye ananisoma tangu akiwa mdogo, akabadilisha maneno. Akaacha habari za kupunguza makosa na kuongeza kasi. Akasema, "Baba, mashine itajifunza kwako. Kila kituo kitakuwa na pua yako. Hata siku ukienda, pua itabaki."

Nilitia sahihi siku hiyo hiyo.

Miezi minne nilisimama pale kwenye mizani Nyamasaria. Gunia linafunguliwa, karani anapiga picha kwa simu, mimi natia mkono, nanusa, nasema moja, mbili ama tatu. Picha inaenda kwenye wingu pamoja na neno langu. Injinia wetu, Nekesa, mama mmoja mtulivu wa kutoka Bungoma, ndiye alikuwa anaifundisha. Mwezi uliopita akatuletea majibu: mashine inakubaliana nami karibu kila mara. Nilizunguka na hiyo habari kama bwana harusi.

Kesho saa nne asubuhi bodi inakaa kupitisha. Mashine iwekwe vituo vyote vinne, na neno lake liwe la mwisho.

Leo asubuhi Nekesa akaniita stoo, akasema nije peke yangu. Sikupenda hilo la peke yangu.

Alikuwa ameweka gunia moja la omena mezani. Hapa nieleze kidogo: kila kikundi cha akina mama kina kamba yake ya kufungia magunia, yasichanganyike kwenye lori. Akina mama wa kikundi cha Bahati wanafunga kwa uzi wa nyavu wa buluu. Wale wa Mama Perez wanafunga kwa kitambaa chekundu kilichochanwa. Gunia likifunguliwa, kamba inabaki inaning'inia mdomoni mwake.

Nekesa akaning'iniza uzi wa buluu, akapiga picha. Mashine ikasema moja. Akatoa ule uzi, akaweka kitambaa chekundu kwenye gunia lile lile, omena ile ile, wala hakuigusa. Akapiga picha. Mashine ikasema tatu.

Akarudia kwa gunia lingine. Na lingine.

"Mzee," akasema, "mashine haijasoma omena. Imesoma kamba."

"Basi ni jinga. Nilisema tangu mwanzo."

"Si jinga. Inatafuta kitu chochote kinachoenda sawa na majibu ya mwalimu, na imepata kamba." Akaweka simu chini. "Mwalimu ni wewe. Nauliza kwa heshima, Mzee. Ulikuwa unaangalia nini?"

Nilimwambia maneno ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kumwambia mtoto wa watu. Nilimwambia kwao Bungoma wanajua kuku tu, omena atajulia wapi. Alikunja kile kitambaa chekundu mara mbili, akakilaza mezani vizuri, kama kitu cha kanisani. Nikatoka.

Nikachukua boda mpaka soko la Kibuye. Nilitaka kujipima mahali ambapo hakuna mtu ananiogopa. Nikaenda kwa wauza omena, nikachota mkono mmoja kutoka karai la mama mmoja, nikatia uso.

"Mzee, unanusa ama unaomba?"

"Nanunua."

"Basi toa hiyo pua, isije ikauzwa na hizo." Wenzake wakacheka.

Nikamuuliza omena yake ni ya lini. Akasema, "Ya mbele ni ya jana. Hiyo ya nyuma ilinyeshewa, nangojea watu wa kuku. Kwani haikunukii? Hata nzi wamehama."

Mimi nilikuwa nimeshika ile ya nyuma. Nilikuwa nimeiweka karibu na mdomo.

Hakuna kitu. Kama kunusa ukuta.

Wacha niandike sasa hivi, kabla ujanja haujanirudia.

Pua yangu ilikufa. Ilikufa ule mwaka wa ugonjwa, watu wakitembea wamefunika midomo. Niliumwa wiki mbili, nikapona, nikarudi kazini nikasifiwa kwa kupona. Nikainua mkono wa omena na haukuniambia chochote. Nilingoja mwezi. Nilingoja mwaka. Sikumwambia mtu. Pua nilikuwa nimeisifu tangu ujana wangu, ningeanzia wapi kuitangazia kifo?

Vidole vilibaki, ndiyo. Lakini kidole kinajua ukavu tu, uozo hakiujui. Basi nikaanza kuangalia kamba. Mwanzo kidogo, nikiwa na shaka. Uzi wa buluu, hawa nawajua, ni wasafi: moja. Kitambaa chekundu, hawa wanaanika kwenye mchanga: tatu. Nilikuwa naitupia kamba jicho, halafu nainua mkono, nafumba macho, navuta pumzi kwa sauti ili watu wasikie, halafu nasema kile kamba ilichoniambia. Baadaye hata shaka ikaniisha. Hili ndilo gumu kuandika: nilifika mahali nikaamini kweli kwamba nanusa.

Mashine ilikaa nami miezi minne ikaona kile ambacho mimi nimejifichia mwenyewe miaka mitano.

Na Mama Perez hakubaki kwenye mchanga. Miaka minne iliyopita yeye na wanawake wake walichanga, wakajenga vichanja vya mbao na nyavu, omena haigusi chini tena. Alikuja kuniambia akiwa amevaa nguo yake ya Jumapili. "Jaduong', njoo uone." Ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita mzee tunayemheshimu. Sikwenda. Tangu hapo kila akileta gunia alikuwa anasimama karibu nami, mikono nyuma, anangoja. Navuta pumzi. Tatu. Siku moja akasema polepole, "Labda sasa tujaribu kuanika mbinguni." Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wawili kati ya wanawake wake waliacha omena. Siku hizi wanauza mahindi ya kuchoma pale njia panda ya Mamboleo. Huwa nawapita. Nilikuwa nikisema moyoni, hawa walikuwa wavivu.

Saa saba nilienda ofisini kwa Akinyi nikafunga mlango, nikamwambia yote. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Ya pua najua, Baba," akasema. "Unakumbuka ile Krismasi nyama iliungua? Moshi ulijaa mpaka sebuleni. Wewe ulikuwa umeketi hapo mlangoni mwa jikoni, umefumba macho, unasikiliza redio."

"Ulijua, na bado ukaniweka nifundishe mashine?"

"Nilidhani macho na vidole vinatosha. Hii ya kamba sikuijua, haki." Akasogeza kalamu zake. Halafu akasema lile neno ambalo limekuwa likiniinua kitini tangu nirudi nyumbani. "Bodi haikuikubali mashine, Baba. Ilikukubali wewe. Nilihitaji jina lako. Pua sikuihitaji."

Sikumkasirikia. Namjua anavyobeba. Wanunuzi wa mbali wanakuja ufuoni kwetu na mashine zao na magari mapya, na akirudi nyuma kesho watasema kampuni ya yule mzee haijui inakoelekea. Anaogopa kama yule wa mabasi, ila yeye anaogopa pia kwa niaba ya watu wote wanaokula kwetu.

Akaniomba, "Kesho nyamaza tu. Tupitishe, tuanze kazi. Nekesa atarekebisha polepole."

Polepole.

Nimetembea na neno hilo kutoka mlango mpaka lango. Mimi nikikosea, nakosea stoo moja. Mama anaweza kunitukana usoni, na siku nikifa kosa langu wanalizika pamoja nami. Mashine itakosea vituo vinne kwa siku moja, na haifi. Mama Perez atasimama mbele ya simu, simu itasema tatu, karani atamwambia, ni mashine, mama, si mimi. Atamtukana nani? Na kile kitambaa akikiacha nyumbani afunge kwa kitu kingine, namba ipande, nani atamwambia kwamba hicho ndicho kilikuwa kinamwangusha?

Pale hotelini tuliulizana bei na kasi, nani ameanza na nani amechelewa. Hakuna aliyeuliza mashine itajifunza kwa nani, na huyo mtu mwenyewe yukoje. Mimi ningeuliza, maana nauliza kila kitu. Lakini jibu lilikuwa ni mimi, na hilo lilinipendeza sana.

Sitaki mashine itupwe, hilo lieleweke. Kitu kilichoweza kumkamata mzee kama mimi kina akili, na ningekiajiri. Ifundishwe upya. Kamba zitolewe kabla ya picha. Mashine haina pua hata ikifundishwa na nani, kwa hiyo gunia lenye shaka linuswe na mtu, na mtu huyo asiwe mimi. Walimu wawe wengi, na wale wanaoanika wawemo. Vituo vingoje. Kama wengine watatutangulia miezi michache, watutangulie, tutawakuta mbele wamekwama.

Watu husema mimi ni mkaidi. Ni kweli, nimewakatalia wenye benki, nimewakatalia maafisa, nimewakatalia hata madaktari. Kesho najikatalia mwenyewe, na naona huyu ndiye mgumu kuliko wote.

Nekesa nimempigia kumwomba msamaha kwa yale ya kuku. Akasema amesikia mabaya kuliko hayo, tena kuku wa kwao ni watamu kweli, nisidhani ni tusi.

Halafu nikampigia Mama Perez. Nilishika simu nikaiweka, nikaishika tena. Nilimwambia kwa Kijaluo, kwa sababu kwa Kiswahili ningepata mahali pa kujificha. Nilimwambia pua, kamba, kitambaa chake, mkutano wa kesho.

Nilisikia wanawake wakiongea upande wake, na kitu kinakwanguliwa kwenye sufuria.

"Miaka minne, Jaduong'."

"Miaka minne."

"Na ulikuwa unafumba macho."

"Nilikuwa nafumba."

Nikamwomba aje kesho awaambie bodi omena inavyoanikwa, maana mle ndani hakuna aliyewahi kuanika hata moja.

"Nitakuja," akasema. "Lakini langoni sitangoja." Akakata.

Wauzaji wote wanaotuletea omena huwa wanangoja langoni mwa kampuni. Hiyo amri niliiweka mimi.

Nimempigia mlinzi wa ofisini, nikamwambia kesho amlete mama huyo moja kwa moja mpaka chumba cha mkutano, na aongeze kiti. Akauliza akiweke upande gani. Nikamwambia upande wangu. Nimemaliza kusema hivyo nikaanza kutembea tena, kwa sababu sasa imeanza kuwa kweli.

Akinyi, mama, najua unasoma ukurasa huu hata ukisema huna nafasi. Nimeamua kukuambia hapa, mbele ya watu, ili nisipate njia ya kurudi nyuma saa nne ikifika. Sitanyamaza. Wataniondoa kwenye kiti, ama watacheka, ama watakulaumu wewe kwa ajili yangu, na hilo la mwisho ndilo linaniuma. Nitawaambia hukujua habari ya kamba. Kwamba ya pua ulijua, uwaambie mwenyewe ukitaka.

Ukiona ni vyema kunipigia, simu iko hapa mkononi. Na ukinyamaza, sitakulaumu. Kunyamaza umejifunza kwangu.